Dawa Isiyotolewa

Kamusi zimetupa neno kiuavijasumu, na ni neno lililoundwa vizuri: lenyewe lasema linachoua. Huko Mutomo, kusini mwa Kitui, halisikiki foleni. Mgonjwa huomba "dawa ya kifua", basi. Wala neno hilo halimwambii kwamba kuna visivyouawa, yaani virusi, na virusi ndivyo aghalabu huleta kikohozi cha siku tatu.

Chukua susu wa miaka sabini na ushei, aliyetoka Kanziko alfajiri, mavumbi yakiwa bado kwenye kope. Anakohoa, hana homa wala hapumui kwa shida. Kumweleza kwa nini haandikiwi amoksilini kwahitaji dakika kumi, tena kwa Kikamba. Kumwandikia "moja kutwa mara tatu" ni kufumba na kufumbua. Naye, baada ya kulipa nauli, akitoka mikono mitupu atahesabu kuwa hakutibiwa. Ni vigumu kumlaumu.

Lakini mwili wa mzee si mwili wa kijana. Figo zimepungua nguvu, hivyo dawa hukawia mwilini. Tena mzee haji na ugonjwa mmoja. Anayemeza glibenklamaidi kwa kisukari akiongezewa siprofloksasini, sukari yaweza kushuka hadi azirai. Anayemeza enalaprili kwa presha akiongezewa Septrin, potasiamu yaweza kupanda na kuvuruga mapigo ya moyo. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza jamii ya siprofloksasini ibebe onyo kali: yaweza kukata kano, hasa kwa waliopita miaka 60. Kano ya kisigino, kwa mama anayeshuka kuchota maji katika mchanga wa mto mkavu!

Kisha kuna mkojo. Wanawake wazee wengi huwa na vijasumu kwenye mkojo pasi na maumivu yoyote, na kuvitibu hakuwafaidi. Karatasi ya maabara yasema vipo. Mwenye mwili halalamiki. Asikizwe nani?

La hasha, haisemwi kwamba wazee wanyimwe dawa. Nimonia huwaua upesi, na pengine huja bila homa, mzee akaanza tu kupotewa na fahamu. Hapo kuchelewa ni kosa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizigawa dawa hizi katika makundi matatu: za kutangulizwa, za kutumiwa kwa tahadhari na za akiba. Amoksilini imo katika kundi la kwanza, siprofloksasini katika la pili. Mwaka huo huo Kenya ilitoa mpango wake wa taifa kuhusu usugu wa vijasumu. Mgawanyo huo wasaidia kuchagua dawa. Haumfundishi daktari jinsi ya kumwambia susu kwamba leo hakuna ya kuchagua.

Yamkini lingefaa jambo dogo: aulizwe kwanza anameza nini nyumbani, kisha mjukuu aliyemsindikiza apewe cheti chenye maneno mepesi. Akihema, akichanganyikiwa, akikataa kula, arudishwe siku hiyo hiyo. Cheti hakigharimu kitu. Nauli ya kurudi Mutomo ndiyo haijapata wa kuilipa.