Rangi Mpya, Bodi Ileile

Watu hudhani ndege kubwa ikihamia nchi nyingine inapigwa rangi juu kwa juu, kisha inaruka. Thubutu! Rangi ni mzigo. Ile ya Boeing 747 inafika kama kilo 250, na kila kilo inakula mafuta. Kwa hiyo ya zamani itoke kwanza. Bodi ya alumini hupakwa kemikali ya kubandua. Ya nyuzi za kaboni, kama ya Boeing 787, kemikali hiyo ingeiharibu, basi mafundi wanasugua kwa msasa. Madirisha yanafunikwa, mirija ya kupimia mwendo inazibwa, na ole wao wakisahau kuizibua! Vibawa vya kuongozea navyo vikishapakwa, uwiano wa uzito wake unakaguliwa upya, maana hata utando mwembamba wa rangi waweza kuvitetemesha angani. Mwisho zinaandikwa herufi za uraia: za Burundi zinaanza na 9U, za Tanzania 5H.

Hapo ndipo mimi, mtoto wa Mishamo, ninapojiona. Wazee wetu walikimbia Burundi 1972. Makazi haya yakafunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Vyeti vya uraia wa Tanzania vikaanza kugawiwa 2014. Herufi zimebadilika, tumeshukuru. Lakini jamani, wapo wanaotaka tujikwangue kwanza: jina la babu litoke, Kirundi kitoke. Kirundi ndicho bibi alichoniimbia nilale. Ndugu yangu, hiyo ni bodi. Ukiikwangua yote, kitaruka nini?