Ganda la Minori, Nyama ya Muheza

Minori, Italia

Pwani ya Amalfi, kusini mwa Italia, haina tambarare. Mlima unaanza pale bahari inapoishia, na katikati hakubaki nafasi ila ya barabara nyembamba, kanisa na mikahawa. Anayetaka kulima hapa hana budi kujitengenezea ardhi kwanza. Anajenga ukuta wa mawe yasiyotiwa saruji, anajaza udongo nyuma yake, kisha anapanda juu kidogo na kujenga mwingine. Kazi hiyo imefanywa kwa karne nyingi mpaka mlima mzima ukawa ngazi, na kwenye ngazi hizo ndiko yaliko malimau niliyokwenda kuyaona. Daftari lilikuwa mkononi, na kichwani ilikuwa Muheza, kwenye machungwa yetu ya Tanga.

Njia tuliyoipita, kikundi cha wageni tuliolipa ada ya kutembezwa, inaitwa Sentiero dei Limoni, yaani Njia ya Malimau. Inaunganisha Maiori na Minori, na kabla ya barabara ya pwani kujengwa katika karne ya 19, hii ndiyo iliyokuwa barabara. Mwenyeji wetu ni mkulima wa hapo hapo, mtu wa makamo, mwenye viganja vigumu na Kiingereza alichojifunza kwa wageni. Nilidhani ataanza na tunda. Akaanza na nguzo.

Milimau ya hapa inalazwa juu ya vichanja. Nguzo za castagno, mti wa misitu iliyo juu ya vijiji hivi, husimikwa na kufungiwa fito za kukingama, na matawi hutandazwa juu yake kiasi kwamba mgeni anapita chini ya paa la malimau. Majira ya baridi yakikaribia, kichanja chote hufunikwa ili upepo na mvua ya mawe visiharibu mazao. Zamani walifunika kwa matawi makavu, siku hizi wanatumia wavu mweusi. Anayefunika, kupogoa na kuchuma hutembea juu ya fito hizo, bila kamba, na chini yake kuna ukuta, na chini ya ukuta kuna ukuta mwingine. Watu wa huku huwaita wafanyakazi hao contadini volanti, wakulima warukao. Mwenyeji wetu alituonyesha kwa kupanda. Mmarekani aliyekuwa nasi akaacha kuuliza maswali kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

Limau lenyewe huitwa sfusato. Ni refu, limechongoka, ganda lake nene, mbegu chache. Tangu 2001 Umoja wa Ulaya unalilinda kwa jina la Limone Costa d'Amalfi, na jina hilo lina masharti: lichumwe kwa mkono, lisipungue gramu 100, lisiguse ardhi.

Lisiguse ardhi. Hapo nikapiga mstari.

Muheza, kwa kumbukumbu

Mwenye kusafiri kutoka Segera kwenda Tanga msimu wa machungwa hahitaji kuambiwa amefika Muheza. Yamemwagwa pembeni mwa barabara, yamejazwa kwenye matenga, yamepangwa kwenye meza za fito, na basi likisimama tu madirisha yote yanazibwa na sinia. Shambani hali ni hiyo hiyo. Mchumaji anapanda mtini, anachuma anayoyafikia na kutikisa yaliyobaki. Chungwa la Muheza lagusa ardhi kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Niliwahi kumuuliza mjomba wangu, ambaye ana michungwa upande wa kuelekea msitu wa Amani, kwa nini haweki hata turubai chini.

"Mjomba," akanijibu, "machungwa haya si yangu. Tajiri kayanunua yakiwa maua. Mimi nangoja lori liondoke nipate shamba langu."

Ndivyo biashara inavyokwenda kwa wengi. Mnunuzi, au dalali wake, anapita miti ikiwa imechanua, anakadiria kwa macho, analipa wakati mkulima ana shida ya ada ya shule, na mavuno yakifika ni yeye anayeleta wachumaji. Sehemu inakwenda Dar es Salaam, sehemu inavuka mpaka kwenda Kenya. Mkulima ambaye tunda si lake tena hana sababu ya kulilinda lisichubuke. Kwa hiyo naona si haki kusema watu wa Muheza hawajui kuchuma. Yule wa Minori anashika limau kwa vidole vitatu kwa sababu ni lake hadi dakika linapouzwa, na likichubuka hasara ni yake.

Kuna jambo jingine linalowaonea watu wetu: rangi. Chungwa linageuka la rangi ya dhahabu pale usiku unapokuwa na baridi ya kutosha kuondoa ukijani wa ganda. Pwani ya Tanga haina usiku wa namna hiyo, basi chungwa linaiva, linajaa sukari, na ganda linabaki kijani. Mgeni wa Ulaya akiliona sokoni anadhani ni bichi. Sisi wenyewe tumeanza kuambukizwa dhana hiyo: kwenye maduka makubwa ya Dar es Salaam nimeona machungwa ya kutoka nje, ya rangi moja na ukubwa mmoja, yakiuzwa kwa bei ya kutisha wakati la Muheza liko nje ya mlango kwenye toroli.

Minori tena: kuonja

Tuliketi chini ya kichanja, kwenye meza ya mbao. Kitu cha kwanza alichotupa mwenyeji ni jani. Lisugue, linuse. Kisha akakwangua ganda na kutupa tunuse tena. Halafu akakata limau vipande vyembamba pamoja na ganda lake, akavipanga kwenye sahani, nusu akainyunyizia chumvi, nusu sukari.

Mimi nimekulia kwenye ndimu. Ndimu ya kwetu ukiitia ulimini jicho linafumba lenyewe. Hili la Minori likaingia kinywani kwa upole. Uchachu upo lakini hautawali, na ile sehemu nyeupe chini ya ganda, ambayo kwetu ni uchungu mtupu, ni nene, laini, karibu tamu. Hapo nikaelewa kwamba tunda hili halikukuzwa kwa ajili ya maji yake. Wamelikuza kwa ajili ya ganda. Saladi iliyofuata ilikuwa ya vipande vya limau vyenye weupe wake wote, mnanaa, chumvi na siki. Jibini ilichomwa ikiwa imefungwa katikati ya majani mawili ya mlimau, na jani likaacha harufu yake ndani. Mwisho ikaja limoncello, ambayo nayo ni ganda: linalowekwa kwenye spiriti siku kadhaa, kisha inachanganywa na maji na sukari. Mimi situmii kileo, nikapewa maji ya limau yenye majani. Wengine walisema ni nzuri sana, na kwa jinsi walivyozidi kuchangamka siwezi kuwabishia.

Sasa fikiria tunavyokula chungwa Tanga. Muuzaji analimenya kwa kisu kikali, ganda linatoka utepe mmoja mrefu bila kukatika, anabakiza ule weupe, anakata juu, unafyonza. Ganda liko chini, mbuzi akipita ni lake. Mjomba wangu na yule mkulima wa Minori wangekutana, kila mmoja angemwona mwenzake anatupa sehemu iliyo bora.

Hata chini ya ardhi wamegeuziana. Mlimau wa Amalfi hubebeshwa juu ya shina la mdanzi, kwa sababu mizizi ya mdanzi inavumilia udongo wa huku. Muheza miche mingi ya machungwa hubebeshwa juu ya shina la mlimau. Kule limau limekaa juu ya chungwa chungu, kwetu chungwa limekaa juu ya limau. Mwenyeji alicheka sana nilipomweleza, akaniomba nimchoree.

Ukuta

Hapa niliandika zaidi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu ndipo ziara ilipokuwa nzito.

Malimau ya Italia ya kusini yalitajirisha watu wakati meli zilipoyahitaji. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, aliwapa mabaharia wawili wagonjwa wa kiseyeye machungwa na malimau, wakapona upesi kuliko wenzao waliopewa siki na dawa nyingine. Baadaye soko likawa Ulaya ya kaskazini na Marekani. Mzigo ulitoka huku juu hadi ufukoni kwa migongo ya wanawake. Waliitwa formichelle, sisimizi wadogo, na kila mmoja alishuka ngazi na kikapu cha zaidi ya kilo 50, akapanda tena kuchukua kingine, kutwa nzima. Mwenyeji alilisimamisha kundi kwenye ngazi zenyewe ndipo akatuambia hayo. Nikatazama chini, nikatazama mabega yangu.

Leo baadhi ya mashamba yana reli ndogo ya kubebea makreti, mengine yana nyumbu, na limau la Hispania au Argentina, lililolimwa kwenye tambarare, linafika sokoni kwa bei ndogo kuliko hili. Vijana wanafanya kazi hotelini. Ngazi nyingi zimeachwa, na ukuta ulioachwa hautulii. Jiwe moja likitoka, mvua inaingia nyuma, ukuta unafumuka, udongo unateremka juu ya ngazi ya chini nayo inafumuka. Oktoba 1954 mvua ya usiku mmoja iliporomosha milima ya upande huu, kuanzia Salerno na Vietri hadi Maiori na Minori, na watu zaidi ya 300 wakafa. UNESCO iliiweka pwani hii kwenye urithi wa dunia mwaka 1997, na ufundi wa kujenga kuta za mawe makavu ukaingia kwenye orodha yake mwaka 2018. Vyeti hivyo havipandishi jiwe. Anayelipandisha ni mtu, na mtu hulipwa.

Kwa hiyo ada tuliyotoa haikuwa ya kuonja malimau. Tulilipia ukuta. Mwenyeji hakulificha hilo: alituonyesha kipande kilichobomoka msimu wa mvua uliopita na kipande alichokwisha kukijenga upya, akasema hiki ni cha wageni wa mwaka jana.

Kizimbani, Unguja

Kwetu mfano wa ziara kama hii ni mashamba ya viungo ya Unguja. Kizimbani nimekwenda zaidi ya mara moja, na kwa kuburudisha watu tunawashinda Waitaliano kwa mbali. Kijana anakuficha kiungo kiganjani unuse na kukisia, anakupaka mzingefuri midomoni, anasuka kofia ya makuti huku akitembea, mwingine anapanda mnazi akiimba. Mwisho unakula chenza, balungi na shokishoki hadi utosheke.

Nina lawama moja tu. Katika raha yote ile hukutani na mkulima. Hujui nani alipanda, nani anapalilia, karafuu inalipa nini, wanawake wanaoichambua wanapata shilingi ngapi kwa kilo. Unatoka na kofia. Minori sikupewa kofia, lakini nilitoka nikijua kikapu kilikuwa na uzito gani na nani alikibeba.

Muheza haina hata kijana wa kupanda mnazi. Ina msitu wa Amani juu yake, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902 na ambako watalii hupita kila mwaka kwenda kuangalia ndege na vinyonga. Magari yao yanakatiza katikati ya michungwa bila kusimama. Ina vita vyake vya kusimuliwa pia: nzi wa matunda kutoka Asia, aliyeonekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003 na kuenea upesi, hutaga ndani ya tunda na kulifanya lioze mtini. Ina mafundi wa kubebesha miche ambao kisu chao kinafaa kutazamwa na mgeni yeyote. Na ina wanawake wanaobeba matenga kichwani hivi leo, ambao hakuna aliyewahi kumsimamisha mgeni njiani ili awataje.

Sioni haja ya kuiga kofia za Unguja wala vichanja vya Amalfi. Mpangilio wa kuonja tunaweza kuuchukua kama ulivyo: jani kwanza, halafu ganda, halafu nyama, na chungwa la kijani liwekwe mezani pamoja na danzi na limau lililolibeba, mgeni afumbe macho na kuchagua. Mkulima awe ndiye anayeongoza, na ada ibaki shambani. Mjomba nimemwambia. Kajibu kwamba atafikiri, na kwamba Mzungu alipie kunusa jani si jambo la kuaminika.

Wewe unayesoma huhitaji kungoja atakapoamini. Msimu mkubwa wa Muheza ni kuanzia Mei hadi Agosti hivi. Shuka kabla ya kufika stendi, uliza mwenye shamba, si dalali. Chukua kisu na chumvi. Lipa bei ya barabarani na uongeze ya kutembezwa, na usichague kwa rangi.