Weka D

Kijana wa fildi hakuwa na ubaya wowote. Katibu muhtasi alimwagiza ahamishie barua za bodi kwenye D kabla watu wa TEHAMA hawajarudi kuigusa tena kompyuta, naye akageuka, kipanya mkononi: "Samahani mama, D ndiyo ipi?"

Hiyo ilikuwa Oktoba 2025, katika taasisi moja ya Dar es Salaam. Microsoft ilishatangaza mapema kwamba Windows 10 itaacha kuhudumiwa tarehe 14 ya mwezi huo, ambayo kwa Watanzania ni sikukuu. Kitengo cha TEHAMA kikayatumia mapumziko hayo kupandisha mashine zote zenye uwezo. Jumatano asubuhi watu waliporudi, kitufe cha kuanzia, kilichokaa kona ya kushoto tangu 1995, kilikuwa kimehamia katikati. Ukibofya faili kwa kitufe cha kulia inakuja orodha fupi, na amri ulizozizoea zimefichwa nyuma yake. Mama, kama ofisi nzima inavyomwita, alikuwa na kero yake ya pekee. Kwa miaka mingi ule mstari wa programu aliuweka juu ya kioo, kwa kuwa chini kioo chake hufunikwa na majalada. Windows 11 ilipotoka 2021 ilikuja na mstari uliogandishwa chini. Aliwasilisha malalamiko yake, akapewa namba ya tiketi.

Kijana alistahili jibu, na jibu lilikuwa refu.

Mama alisomea uhazili Tabora, akatoka na hatimkato na vidole vya taipureta. Kompyuta ya kwanza aliyoitumia kazini ilikuwa na chumba chake, chenye kiyoyozi na zulia, viatu vinaachwa mlangoni. Chumba kilinuka zulia jipya, plastiki iliyopata moto, na soksi za wahasibu. Aliandika kwa WordPerfect 5.1: kioo cha buluu, herufi nyeupe, na juu ya vitufe vya F mkanda wa karatasi ngumu unaokukumbusha kipi ni kipi. F7 kutoka. Shift na F7 kuchapa. Mpaka leo, akichoka, kidole chake huenda kwenye F7. Wakati huo diski ya mfukoni ilikuwa A, yenye nafasi ya megabaiti 1.44, na ile kubwa laini ilikuwa B. C ilikuwa ndani ya sanduku, na haikuwa na mwenzake.

Windows 95 ilizinduliwa Agosti 24, 1995. Kwao ilichelewa. Mama anasema ilikuwa mwaka wa mvua za El Nino, kwa sababu diski ziliingia zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Mwenzake wa masijala anashikilia kwamba ilikuwa baadaye, mkurugenzi mwingine. Tuwaachie. Wanachokubaliana ni kwamba diski zilikuwa 13, zikiingizwa moja baada ya nyingine, na ya katikati ikikataa, kazi inaanza upya.

Aliyezileta ni fundi wa Kariakoo, na ni yeye aliyeleta D.

Huyu bwana alikuwa mrefu, mpole, mwenye harufu ya spiriti ya kusafishia na vumbi lililoungua. Begi lake la zipu lilijaa sidii zilizoandikwa kwa maka peni, na kwenye kila moja ile namba ya herufi 25 ambayo mashine huidai. Namba moja ilihudumia idara nzima, pengine mtaa mzima, na hakuna aliyeuliza. Alifungua sanduku, akapiga vumbi kwa brashi ya rangi, akachomoa kipande cha memori na kukisugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli ya shule. Mashine iliyokuwa imekufa ikawaka. Wataalamu wa leo wenye vitambulisho shingoni hawana hata kifutio.

Alishaona vilio vingi mno vya watu waliopigiwa windows na kupoteza kila kitu, maana kupiga windows mpya kulikuwa kuifuta C. Kwa hiyo alipokuwa akiandaa mashine aliigawa diski kuu: C ya mfumo, D ya mtu. Kisha akawaita wote na kuwapa sheria. Barua, weka D. Bajeti, weka D. Ukiiacha deskitopu, iko C, itaondoka nayo. Mhasibu mmoja alidhani deskitopu ni mahali salama kwa sababu anaiona kila siku. Bajeti yake ya nusu mwaka ikaenda na maji.

XP ilitoka 2001 na kukaa ofisini hapo muda mrefu kuliko wakurugenzi wote. Wakati wa kuipiga, kioo kiliandika kwamba zimebaki dakika 39. Zilikuwa dakika za uongo, zikisimama palepale chai ikiletwa, chapati zikiisha. Lakini kwanza fundi aliuliza, kila mara: "Mama, kuna kitu chako kimebaki C?" Akijibiwa kwamba leo kuna kikao, alifunga begi na kurudi kesho. Ile picha ya kilima kibichi iliyofuata, mhasibu yuleyule aliapa ni Njombe. Charles O'Rear aliipiga California.

Yaliyofuata yalipita mbio. Vista, 2007, ofisi iliiruka. Windows 7 ilipendwa. Windows 8 ilifuta kitufe cha kuanzia mwaka 2012, na mwaka uliofuata 8.1 ikakirudisha, kama mkwe aliyeomba radhi. Windows 10 ilikuja 2015 kwa mtandao, bure, ikibisha hodi kila siku mpaka watu wakakubali ili ikae kimya. Fundi hakuhitajika tena. Duka lake sasa linauza kava za simu.

Mashine mpya zinakuja na C peke yake, na nyaraka zinakwenda kwenye wingu, alikokuzoea kijana wa fildi. Hilo lina faida zake: diski ikifa, barua zinabaki, na fundi mwenyewe angelifurahia. Kinachomkera Mama ni kwamba hakuna wa kumwambia leo kuna kikao. Amri inatoka usiku, na asubuhi mtoa amri hayupo.

Kompyuta ambazo hazikuvuka, nyingi kwa kukosa kile kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0, zinaweza kulindwa kwa dola 61 kila moja kwa mwaka wa kwanza, bei ikiongezeka maradufu kila mwaka kwa miaka mitatu. Afisa ununuzi ameomba maelezo zaidi kwa maandishi. Printa kubwa ya masijala, nayo, imeukataa mfumo mpya kabisa. Inakubali mashine moja tu, ya Windows 7, iliyowekwa mapokezi bila intaneti. Barua za bodi zinabebwa kwa flashi mpaka pale, na kufika saa nne asubuhi wakuu wa idara wako kwenye foleni.