Sanaa ipi hiyo?

Binti amemaliza darasa la saba kwa wastani wa C, na madaftari yake yamejaa michoro. Baba anataka shule binafsi inayofaulisha. Mama anauliza: inamfaulisha nani?

Swali si la ubishi. Shule nyingi binafsi zina wastani wa kuvuka darasa. Asiyeufikia hukariri, au mzazi wake huitwa na kuambiwa kwa upole atafute shule nyingine, ada ikiwa imeshalipwa. Tangu Januari 2023 NECTA haitangazi tena shule bora, lakini mabango ya "Daraja la Kwanza tupu" yangali barabarani. Mabango hayo hayawahesabu walioachwa njiani.

Mama aliwahesabu kwa simu. Matokeo ya kidato cha pili na cha nne yamo kwenye tovuti ya NECTA, shule kwa shule. Katika shule aliyoipenda baba, kati ya watahiniwa wa kidato cha pili na wa kidato cha nne miaka miwili baadaye, zaidi ya 30 hawaonekani.

Huko pia waliambiwa, "Sanaa ipo." Kumbe ni Historia, Jiografia na Kiswahili! Neno hili limewapoteza wazazi wengi. Uchoraji, muziki na sanaa za maonyesho hutahiniwa na NECTA, ila shule zinazoyafundisha masomo hayo ni za kutafuta.

Wamepata moja. Ina mwalimu wa uchoraji na watahiniwa wa somo hilo kila mwaka. Hisabati yake ni dhaifu, na hapo baba hajakubali.