Nilisoma Kumi, Nikanyamaza

Mimi ni Mganda, na Kiswahili nilikisoma darasani kabla ya kukikuta kazini. Mwaka jana nilikwenda mafunzo ya vitendo katika kiwanda cha mabomba ya plastiki mjini Jinja. Fundi wangu alikuwa mzee kutoka Kigoma. Kiganda hakukijua, hivyo tuliongea Kiswahili.

Kila asubuhi alinipa mita ya kubana waya nipime mkondo wa hita za mashine. Sehemu moja ilikuwa na hita tatu, kila moja ya wati 1,200. Kwa umeme wa volti 240, kila hita hula ampea 5. Zote pamoja 15.

"Mwanangu, usidanganywe na kipimajoto," aliniambia. "Hita moja ikifa, zilizobaki zitawaka muda mrefu zaidi, na joto litasomeka lile lile. Mkondo ndio husema kweli. Ila pima hita zikiwa zinawaka. Zikijizima utasoma sifuri, na sifuri hiyo si ugonjwa."

Jumatano moja nilisoma 10. Joto lilikuwa nyuzi 190 kama kawaida. Niliandika daftarini, nikanyamaza. Niliogopa kwamba nimepima vibaya, na niliogopa zaidi kuchekwa kwa Kiswahili changu.

Usiku wa Ijumaa hita ya pili ikafa. Iliyobaki ikashindwa kazi, joto likashuka, mabomba yakatoka na ngozi ya mamba. Asubuhi msimamizi alimshika mwendeshaji wa zamu ya usiku, akidai amechezea vipimo na atakatwa mshahara. Kaka yule aliapa hakugusa kitu.

Miguu ikitetemeka, nilimwendea fundi. "Shikamoo mzee. Kosa ni langu. Niliona tangu Jumatano."

Alisoma daftari, akampelekea msimamizi. Kaka yule hakukatwa hata shilingi. Mimi sikugombezwa, nilipewa bisibisi, tukafungua kifuniko pamoja, akanionyesha ncha ya waya iliyoungua.

Darasani tuliikariri methali "kimya kingi kina mshindo mkuu" kwa ajili ya mtihani. Kiwandani niliisikia mshindo wake, na ulitaka kumwangukia mtu asiye na hatia. Siku hizi nikisoma namba nisiyoielewa, naisema papo hapo, hata kama ngeli zinanipotea.