Ng'ambo ya Faili

Ukiwa Mbwera ukauliza fulani yuko wapi, huenda ukajibiwa: yuko ng'ambo. Vuka mto, uliza tena huko, utaambiwa yuko ng'ambo, na kidole kitaelekea kule kule ulikotoka. Hakuna aliyedanganya. Neno ni moja, ila linategemea umesimama wapi.

Nilienda huko na kompyuta ili nimsomee Bibi masimulizi yake, niliyokuwa nimemrekodi na kuyaandika. Mafaili yenyewe yako kwenye seva ya kukodi huko Ulaya. Naingia kwa ssh, nahariri, natoka. Mtandao wa delta ya Rufiji unakuja na kuondoka kama maji ya bamvua, na chaji nilikuwa naitegemea sola ya mjomba. Kwa hiyo kila kitu nilikiweka kwenye mafaili madogo ya maandishi matupu.

Nilikuwa na folda mbili. Ya kwanza, masimulizi, ndimo yalimo mafaili halisi. Ya pili, kitabu, haina faili hata moja la kweli. Mna viungo tu. Kiungo cha aina hii kilikuja na Unix ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, toleo la 4.2BSD la mwaka 1983, na ndani yake hamna kitu ila anwani: nenda pale. Ukikifungua, unapelekwa. Ukiandika ls -l unakiona kwa mshale wake, na mstari wake unaanza na herufi l.

Basi jioni ile Bibi alikaa kwenye mkeka, nikamsomea hadithi ya msichana aliyeachwa peke yake kwenye dungu akilinda mpunga usiwe wa nguruwe. Usiku maji yakapanda, akaitwa na sauti kutoka kwenye mtumbwi. Hapo Bibi akanikatiza.

"Hakuitwa. Aliita yeye. Na aliyekuwa mtumbwini alimsikia, akapiga kasia akaenda zake."

Nikafungua dungu.txt ndani ya folda ya kitabu, nikafuta, nikaandika upya aya nzima kwa maneno yake. Nikahifadhi. Nikalala nikiwa na furaha.

Kumbe kihariri nilichozoea hakiandiki juu ya faili la zamani. Huandika faili jipya pembeni, kisha hulipa jina la lile la zamani. Ni njia ya busara, maana mtandao ukikatika katikati, hupotezi vyote viwili. Lakini mahali penye kiungo, kinachoondolewa ni kiungo. Mshale wangu ulikufa, na mahali pake pakakaa faili la kawaida lenye maneno ya Bibi. Lile halisi, kwenye masimulizi, halikuguswa. (sed -i nayo ina tabia hiyo hiyo, usipoiongezea --follow-symlinks. Vihariri vingine hufuata kiungo kwanza, na mimi nilidhani vyote viko hivyo.)

Hata hapo maneno yalikuwa bado salama. Kilichoyamaliza ni programu ndogo niliyoiandika mwenyewe: kila usiku saa 8 inapita kwenye folda ya kitabu na kusuka viungo upya kwa ln -sf. Hiyo f haiulizi. Ilikuta faili, ikalifuta, ikaweka kiungo chake. Asubuhi nilifungua, nikakuta msichana anaitwa.

Nakala ya akiba sikuwa nayo, na sauti ya jioni ile sikuirekodi. Nikarudi kwa Bibi, shikamoo, nikamwomba anirudishie pale.

"Mbona umeandika vizuri tu, mjukuu wangu? Aliitwa."

"Bibi, jana ulisema aliita yeye. Na aliyesikia akaenda zake."

"Jana shangazi yako hakuwepo."

Shangazi alikuwa barazani anapepeta mchele. Ungo ulisimama kidogo, halafu ukaendelea.

Sikuuliza zaidi. Nimehamia kihariri kinachofuata viungo, na ile programu sasa huangalia kwanza kama kilichopo ni kiungo kabla ya kufuta. Faili la dungu nimeliacha kama lilivyo. Kando yake nimeweka kiungo nilichokiita dungu-jana, kinachoelekeza kwenye faili ambalo halipo. Unix hailalamiki, inakuonyesha jina, mshale, na anwani.