Wimbo nao ni urithi wa watoto

Msiba ukiisha na arobaini ikapita, ndugu hukaa kikao cha mirathi. Hutajwa nyumba, kiwanja, pikipiki, fedha za kikoba, hata makochi na redio. Marehemu akiwa mwanamuziki, gitaa lake nalo litaandikwa na pengine litagombaniwa. Nyimbo alizotunga ni nadra kutajwa, utadhani alizikwa nazo.

Sheria haioni hivyo. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda haki za mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mzee Muhidin Gurumo, sauti ya Msondo, alifariki Aprili 2014. Kila wimbo alioutunga na ambao hakuwahi kuuhamisha kwa mkataba ni mali ya warithi wake mpaka mwaka 2064.

Gurumo alistaafu muziki mwaka 2013, baada ya zaidi ya miaka 50 jukwaani. Mwaka huohuo Diamond Platnumz alimzawadia gari, baada ya mzee kueleza kwamba miaka yote ile haikumpatia hata gari. Watu walishangilia, na kweli lilikuwa jambo la heshima. Lakini lilikuwa zawadi. Mtu aliyewachezesha watu tangu enzi za NUTA Jazz alistahili kulipwa kwa kazi yake kila mwezi, na asitegemee moyo wa kijana mmoja mwenye huruma.

Hili ni jambo la familia kwa sababu mwanamuziki wetu wa kawaida hana mwajiri wa kumkatia bima ya afya wala mfuko wa pensheni. Figo zikianza kusumbua au presha ikipanda, linaundwa kundi la WhatsApp la michango. Wanaochanga elfu tano tano ni walewale wenye nyimbo zake kwenye simu, na wengi wao hawajawahi kuzilipia hata shilingi. Si kwamba ni wabahili. Bando wananunua kila siku, na zamani walikuwa wanamlipa kijana wa kibandani awajazie nyimbo kwenye memori kadi. Fedha inatoka mfukoni kila mara. Inaishia njiani tu, kabla ya kufika kwa mtunzi.

Familia iliyoumizwa sana na njia hiyo ni ya Solomon Linda wa Afrika Kusini. Mwaka 1939 aliingia studio ya Gallo, Johannesburg, na kikundi chake akarekodi "Mbube". Haki za wimbo aliziachia kwa shilingi 10. Yeye mwenyewe alikuwa kibarua wa kampuni hiyo, akifagia na kupeleka chai. Wimbo ukavuka bahari. Mwaka 1961 kundi la The Tokens la Marekani liliutoa upya kwa jina la "The Lion Sleeps Tonight" ukashika namba moja, na mwaka 1994 ukasikika ndani ya filamu ya The Lion King.

Linda alifariki mwaka 1962 kwa ugonjwa wa figo. Kaburi lake lilikaa miaka 18 bila jiwe kwa kuwa mjane hakuwa na uwezo. Mtoto wao mmoja alikuwa amekufa kwa utapiamlo. Binti yake Adelaide alifariki mwaka 2001 kwa maradhi yatokanayo na Ukimwi, wakati ambapo dawa za kufubaza virusi zilikuwa na bei isiyoshikika kwa familia ile. Mwaka uliotangulia, mwandishi Rian Malan alikuwa amekadiria katika jarida la Rolling Stone kwamba wimbo ule umeingiza takriban dola milioni 15.

Kilichowaokoa mabinti waliobaki ni kipengele cha sheria ya Kiingereza ya mwaka 1911, kinachorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa. Kesi ilifunguliwa mwaka 2004, na Februari 2006 yakafikiwa makubaliano ya kuwalipa. Adelaide hakuyaona.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya enzi za santuri, leo kuna kupakua nyimbo kwenye intaneti na kila kitu kinahesabika. Kinahesabika, ndiyo, ila hesabu inategemea neno lililo kwenye mkataba. Apple ilipofungua duka lake la nyimbo mwaka 2003, wimbo uliuzwa senti 99 za dola, na takriban senti 70 zikienda kwa kampuni ya muziki. Watayarishaji wa mwanzo wa Eminem walikuwa na mkataba unaowapa asilimia 12 hadi 20 nakala ikiuzwa, na asilimia 50 kazi ikikodishwa kwa mwingine. Kwa senti zile 70, kukodisha ni senti 35. Kuuza ni senti 8 hadi 14. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya Marekani ilikubaliana nao kwamba kupakua kule ni kukodisha. Mkulima yeyote anaelewa tofauti ya kuuza shamba na kulikodisha. Wasanii wengi wamesaini bila kuulizwa wanafanya lipi.

Kwa hiyo bei nafuu kwa msikilizaji si lazima iwe dhuluma kwa msanii. Bandcamp hukata asilimia 15 ya nyimbo zinazouzwa kwa kupakuliwa, na sehemu kubwa ya kinachobaki humfikia mwenye kazi. Wimbo wa bei ya soda kwa mpango kama huo unamfaa mtunzi kuliko wimbo ghali uliopita mikono sita.

Wazazi wenye mtoto studio, hasa wale wanaoamini muziki ni uhuni na hawataki kuusikia, wana kazi hapa. Kijana wa miaka 19 akiletewa karatasi na fedha taslimu mezani atasaini. Baba, mama au mjomba aombe kuisoma. Haki zinauzwa moja kwa moja au kwa miaka mingapi? Miito ya simu imo? Filamu na matangazo je? Mgawo unahesabiwa kabla au baada ya makato? Asiyeelewa amtafute mwanasheria hata kwa kuchangishana, maana mchango wa leo ni mdogo kuliko ule wa hospitali.

Kazi isajiliwe COSOTA. Nyumbani liwepo daftari lenye jina la kila wimbo, aliyetunga maneno, aliyepiga nini na tarehe ya kurekodi, kila mmoja akitia sahihi wakati bado wanapatana. Daftari hilo likae bahasha moja na hati ya kiwanja.